Kioo Miaka Saba, Betri Miaka Miwili

Parafujo ya mwisho ilikataa kutoka. Fundi Wenseslaus akaipuliza, akaikandamiza kwa bisibisi nyembamba kama sindano, akaizungusha kwa subira mpaka ikalegea. Kisha akalifunua tumbo la ile kompyuta mbele ya watu wote waliokuwa dukani. Akavuta taa yake karibu, akamulika ndani. Halafu akacheka kidogo puani, kama mtu aliyefunua chungu cha jirani akakuta asichokitegemea.

"Jamani," alisema, "hii kompyuta ilikuwa inapika, au ilikuwa inapikwa?"

Wateja wawili waliokuwa wanasubiri simu zao wakaangua kicheko. Harshil, mwenye duka, hakucheka. Alizunguka meza, akainama na yeye, akapitisha kidole juu ya feni. Kidole kilitoka cheusi, kinanata. Akakitazama, akakipangusa kwenye kitambaa, na weusi haukutoka.

Elinipendo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mkoba wake umepakatwa kwa mikono miwili. Alivaa gauni lake la kanisani ingawa ilikuwa Jumatano, kwa sababu shemeji yake alimwambia wanakwenda kudai haki, na haki haidaiwi na mtu aliyevaa kandambili. Binti yake Loveness alisimama pembeni ya fundi. Shemeji mwenyewe, Mzee Eliufoo, kaka mkubwa wa marehemu mumewe na mwenyekiti wa ukoo wao kule Kirua Vunjo, alisimama katikati ya duka na koti lake la suti, kifua mbele.

"Hayo mazingaombwe yenu siyajui," alisema Eliufoo. "Tumenunua hapa mwezi wa kwanza. Risiti hii hapa. Waranti mwaka mzima. Leo ni mwezi wa kumi. Kioo kimefifia hata herufi hazionekani, betri imevimba imeinua kibodi kama andazi. Mtupe nyingine, au mturudishie fedha ya ukoo. Sisi watu wa mlimani hatupendi maneno mengi."

"Mzee wangu, shikamoo kwanza," alisema Harshil.

"Marahaba. Tupe nyingine."

"Waranti inalipa kosa la kiwanda, mzee. Hili siyo la kiwanda. Njoo uone mwenyewe. Haya ni masizi, na haya ya njano kwenye pembe za kioo ni joto. Gundi imeyeyuka. Betri imevimba kwa sababu imekaa penye moto siku nyingi. Siyo siku mbili. Miezi." Akamgeukia Loveness. "Dada, umekaa nayo wewe muda wote?"

"Hapana. Mwezi wa nne nilikwenda mafunzo ya kufundisha, kule porini Same. Tulilala kumi chumba kimoja. Ukoo ukasema kompyuta isiende, itaibiwa. Ikabaki nyumbani kwa mama mpaka mwezi wa saba."

Harshil akageuza macho kwa Elinipendo. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ndio uliomchoma zaidi.

"Mama, shikamoo. Wewe uliitunza wapi hiyo miezi?"

Duka zima likamtazama. Hata wale wa simu. Eliufoo naye akageuka na kidevu chake kirefu, kidevu ambacho Elinipendo alikuwa amekiogopa tangu aolewe.

"Kabatini," alisema. "Ndani ya shuka. Nilifunga na ufunguo."

Neno lilitoka lenyewe, limekamilika, hadi na ufunguo wake. Alishangaa jinsi lilivyokuwa jepesi mdomoni.

*

Siyo kabatini. Mungu alijua siyo kabatini.

Siku walipoinunua, Elinipendo alikuwapo. Watu wa ukoo walikuwa wamechanga Krismasi, kila aliyepanda mlimani kutoka Dar na Arusha akatoa chake, kwa sababu Loveness alikuwa binti wa kwanza wa ukoo ule kuingia chuo cha ualimu, na kwa mwaka wa pili chuo kilitaka kila mwanafunzi awe na kompyuta yake. Wakati Eliufoo anahesabu noti juu ya meza, Elinipendo aliuliza swali moja tu.

"Mwanangu, hiki kitu kitakaa miaka mingapi?"

Eliufoo akamcheka. "Shemeji, hili siyo sufuria hili!"

Lakini Harshil alilijibu swali lile kwa heshima, akihesabu kwa vidole. Kioo, mama, kikitunzwa, miaka saba, hata kumi. Hakifi ghafla, kinafifia polepole kama macho ya mtu mzima. Betri ndiyo hutangulia, miaka miwili, mitatu kwa bahati. Feni inategemea vumbi. Bawaba zinategemea mkono wa anayefungua, kwa hiyo fungua kwa mikono miwili. Na diski iliyo ndani, ile inayotunza kazi, usiidondoshe. "Lakini huko kwenu mlimani," alimalizia, "adui yake mkubwa ni unyevu. Unyevu ukiingia, hiyo miaka yote niliyokutajia ifute."

Elinipendo aliyashika maneno yale kama alivyoyashika masomo ya kipaimara. Darasa lake la saba halikumpa mengi, lakini lilimpa kukariri. Kioo miaka saba. Betri miaka miwili. Adui ni unyevu.

Na masika ya mwaka ule yalikuwa masika kweli. Ukungu ulishuka kutoka msituni asubuhi ukalala juu ya migomba mpaka saa sita. Kabatini mle, viatu vyake vya kanisani viliota nywele nyeupe. Biblia ya marehemu mumewe, Ebenezeri, ilivimba kurasa. Alipoifunua ile kompyuta siku moja ya mwezi wa nne akaona umande mwembamba juu ya kioo, moyo ulimpasuka. Akatafuta nyumba nzima mahali pakavu. Alipata mahali pamoja tu: jikoni, darini, juu ya mafiga, kwenye fito ambako mama mkwe wake alimwonyesha mwaka wa kwanza wa ndoa kwamba ndiko kunakotunzwa kila kitu cha thamani. Mbegu za mahindi zilikaa huko hazikuguswa na mdudu. Maharage ya mbegu, ulezi wa pombe ya mbege, mpini mpya wa jembe, hata karatasi za kihamba, shamba lao la urithi, marehemu alizitunza huko ndani ya kibuyu. Kilichopanda darini hakikuoza.

Hakutumia mfuko wa plastiki, kwa sababu plastiki hutoa jasho. Aliivika kitenge kipya, akaipandisha kwa mikono miwili, akaiombea. Miezi mitatu na nusu, kila alfajiri alipowasha moto wa kumchemshia ng'ombe maji na kujichemshia uji, aliinua macho, akaona fundo la kitenge limetulia pale juu katika moshi, akamshukuru Mungu kwamba ni kavu. Siku moja kabla Loveness hajarudi aliishusha, akaipangusa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, akaiweka kabatini ipendeze.

*

Eliufoo alikuwa amelichukua lile funiko la chini la kompyuta. Alilipeleka puani. Akanusa mara moja, akanusa mara ya pili, polepole zaidi. Macho yake yalipita haraka juu ya uso wa Elinipendo, yakaenda kutua kwa Loveness.

"Wewe. Huko Pasua ulikopanga, mnapikia wapi?"

"Nje, baba mkubwa. Kwenye kibaraza."

"Mnapikia nini?"

"Gesi. Mtungi mdogo."

"Gesi." Alilirudia neno lile kama mtu anayetafuna mfupa. "Na masizi haya ni ya gesi?"

"Huu ni moshi wa kuni, mzee," aliingilia fundi Wenseslaus. "Gesi haiwezi kutoa masizi ya hivi, hata mkaa hau..."

"Fundi, wewe shika bisibisi yako. Naongea na mtoto wangu." Akamsogelea Loveness. "Nakuuliza, hiyo kompyuta ya ukoo ulimpelekea nani? Jiko la nani hilo? Ni mama lishe gani, au ni kijana gani ulikuwa unashinda kwake?"

Wale wa simu hawakucheka tena. Walikuwa wameinamisha vichwa kama watu wanaosoma, na masikio yao yamesimama.

"Sijampelekea mtu, baba mkubwa," alisema Loveness. Akamtazama mama yake, akaendelea kumtazama.

Elinipendo akatazama mkoba wake. Zipu ya mkoba ilikuwa imekatika jino moja. Alilisugua kwa kidole gumba. Alijua kwamba ilitosha kufungua mdomo. Alijua pia Eliufoo angesema nini, kwa sauti ipi, na kwamba mpaka jioni Kirua nzima ingekuwa inacheka mwanamke aliyekausha kompyuta kama nyama. Na wangesema zaidi: ndiyo matokeo ya kumkabidhi mjane wa darasa la saba mali ya ukoo, kihamba chenyewe sijui anakitunzaje. Akasugua jino lile la zipu. Muda ukapita, na ulipopita ukawa umepita.

Harshil akaandika kwenye kipande cha karatasi. Kioo, laki na themanini. Betri, laki moja. Feni na usafi, arobaini elfu. "Laki tatu na ishirini, mzee, na hapo sijaweka faida. Dada, kazi zako nitakutolea kwenye flashi bure. Diski haijaguswa."

"Hatutengenezi kitu," alisema Eliufoo. "Jumamosi ijayo kuna kikao. Ukoo utasema. Na ada ya muhula wa mwisho nayo ukoo utaisema hukohuko."

Hapo ndipo Loveness alipofumba macho. Laki sita ya muhula wa mwisho ilikuwa haijalipwa. Bila hiyo hakuna mtihani, na bila mtihani miaka miwili ya chuo ni hadithi ya kusimulia kwenye misiba.

*

Eliufoo alikwenda kuonana na mtu wake sokoni. Mama na binti wakabaki kwenye kibanda cha chai nyuma ya duka, chapati moja katikati yao, kila mmoja anamwachia mwenzake.

"Mama."

"Naam."

"Niliporudi mwezi wa saba niliikuta kabatini."

"Uliikuta kabatini."

"Na kabla ya hapo?"

Elinipendo akapuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa. Kibandani mle hapakuwa na Eliufoo, hapakuwa na watu wa simu, palikuwa na mtoto wake tu aliyemzaa kwa uchungu wa siku mbili. Alifikiri kwamba hapa angeweza. Lakini aliona kwamba akisema hapa, itabidi aeleze kwa nini hakusema kule, na lile la pili lilikuwa zito kuliko la kwanza.

"Kabla ya hapo ilikuwa hapohapo. Kwani iende wapi?"

Loveness akaikata chapati, akasukuma kipande kikubwa upande wa mama yake.

"Sawa, mama. Kula."

*

Maneno yalipanda mlimani kabla ya Jumapili. Elinipendo alikuwa mzee wa kanisa, zamu yake ilikuwa ya kupitisha kapu la sadaka, na alipopita benchi la wanawake aliona vichwa vikigusana. Wakati wa sala ya toba alipiga magoti kama siku zote, lakini maneno aliyokuwa akiyasema tangu utotoni yalimkwama. Waliomzunguka wote waliyamaliza, wakasimama, yeye akabaki chini, na jirani akadhani magoti yanamuuma akamshika kiwiko kumsaidia.

Baada ya ibada, wakati watu wanapandishiana bei ya ndizi na mayai ya sadaka mnadani, wifi yake Aikaeli alimvuta pembeni. Alikuwa na kuku mkononi, amemnunua kwa elfu kumi na mbili na anataka watu waone.

"Wifi, pole. Nasikia binti yetu ameanza maisha."

"Maisha gani?"

"Ya kupikiana, wifi! Usijifanye hujui. Wanasema kuna fundi magari huko Pasua anapikia magogo uani, na kompyuta yetu ndiyo ilikuwa meza yao." Akacheka, akaona Elinipendo hacheki, akapunguza. "Mabinti wa siku hizi. Wewe umelea vizuri, kila mtu anajua. Hakuna anayekulaumu wewe."

"Hakuna anayenilaumu?"

"Hata mmoja! Eliufoo mwenyewe anasema, shemeji alifunga kabati na ufunguo."

Kuku akapiga mbawa. Kumbe uongo wa Elinipendo ulikuwa umepata watu wa kuulisha na kuubeba, unatembea kijijini na miguu yake, na kichwani umembeba fundi magari ambaye hakuwapo duniani. Siku ile aliapa. Alikuwa amesema uongo mbele za watu, ataufuta mbele za watu. Siyo pembeni, siyo kwa Eliufoo peke yake. Kikaoni.

*

Kikao kilikaa Jumamosi saa nane mchana barazani kwa Eliufoo. Wanaume walikaa kwenye mabenchi na kata ya mbege ikazunguka. Wanawake walikaa ngazini baada ya kupakua kiburu cha ndizi na maharage. Kompyuta yenyewe iliwekwa juu ya kigoda katikati, imefungwa na mpira wa baiskeli kwa sababu betri iliyovimba haikuiruhusu kujifunga, kama maiti aliyekataa kufumba mdomo. Loveness alikaa peke yake kwenye jiwe, mikono mapajani.

Gidioni, katibu wa ukoo, alisoma kwenye daftari. La kwanza, kompyuta. La pili, ada ya muhula wa mwisho. La tatu, ombi la Denis, mtoto wa Eliufoo, la kusaidiwa mafunzo ya kuongoza watalii mlimani. Elinipendo alilisikia la tatu akashtuka kidogo. Hakuwahi kulisikia kabla.

Kabla Gidioni hajamaliza, alisimama.

"Naomba kusema."

"Mama Loveness, zamu ya wanawake iko..."

"Nikikaa sitasimama tena. Naomba kusema sasa."

Kata ikasimama mkononi mwa mtu. Elinipendo akaitazama ile kompyuta, ilikuwa rahisi kuliko kutazama nyuso.

"Ile kompyuta haikukaa kabatini. Niliiweka darini, juu ya moto, tangu mwezi wa nne mpaka wa saba. Nilidhani naikinga na unyevu. Loveness hajui lolote. Hakuna fundi magari, hakuna mwanamume, hakuna jiko la Pasua. Ni jiko langu. Na dukani niliulizwa mbele ya shemeji nikadanganya. Mungu anisamehe, na ninyi mnisamehe, na mtoto wangu anisamehe. Muhula wake msiuguse. Kama ni adhabu, iwe yangu. Nina ng'ombe mmoja, nimesema, chukueni."

Elinipendo alisubiri lile alilokuwa akiliogopa, kicheko. Hakikuja. Kilichokuja kilikuwa sauti laini kutoka ngazini, wanawake wakiguna kwa huruma.

"Ooh, mama," alisema mmoja. "Mama mzazi."

"Ningekuwa mimi," alisema Aikaeli akijifuta jicho kwa ncha ya khanga, "wallahi... jamani, nisameheni kuapa. Ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo. Mtoto ni mtoto."

Elinipendo hakuelewa. "Unasema nini, wifi? Nimesema ni mimi."

"Tumekusikia, wifi. Kaa."

Gidioni aligonga kalamu kwenye daftari. "Mama Loveness, dukani ulisema kabatini na ufunguo. Leo unasema darini. Sasa tuandike kwamba siku ile ulidanganya, au tuandike kwamba leo ndiyo unadanganya?"

"Siku ile!"

"Siku ile hukuwa na sababu ya kudanganya. Leo unayo." Wanaume wakatikisa vichwa kukubali. Gidioni alikuwa amewahi kuwa karani wa baraza la kata na aliipenda hoja yake. "Na mtu mzima, mzee wa kanisa, mwenye akili zake, apandishe kompyuta darini kama mkungu wa ndizi? Nani atalikubali hilo?"

"Njooni mkaone! Alama ya kitenge ipo kwenye fito!"

"Alama za vitenge zipo kwenye fito za kila mtu," alisema mzee mmoja, na hapo ndipo walipocheka, lakini kwa upendo.

Elinipendo akamgeukia Eliufoo. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake chenye mikono, kidevu kimelala juu ya fimbo.

"Shemeji, wewe ulinusa. Waambie. Ule ni moshi wa kuni za kwetu. Fundi alisema mbele yako."

Eliufoo alisimama taratibu. Akaweka mkono juu ya bega la Elinipendo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku ya msiba.

"Mnaona moyo wa mama," aliwaambia watu. "Anakubali aonekane mjinga mbele ya ukoo mzima ili mtoto wake aonekane safi. Tuuheshimu moyo huo. Ng'ombe wake hatumgusi. Na neno hili alilolisema, Gidioni, usiliandike. Lisije likamwaibisha baadaye." Gidioni akakata mstari. "Lakini ukoo hauendeshwi kwa huruma. Binti, simama. Una neno?"

Loveness akasimama. Watu wote walijua kwamba sasa atalia, na wengine walishajiandaa kumsamehe nusu.

"Mama ameshasema," alisema.

"Tunakuuliza wewe."

"Mama ameshasema, baba mkubwa. Sina la kuongeza."

Wakaona ni jeuri. Ada ikasimamishwa mpaka tabia itakapoonekana. La tatu likapita bila mtu kuinua mkono kupinga.

*

Walipokuwa wanatawanyika, Eliufoo alimfuata Elinipendo mpaka kwenye uzio wa mimea ya masale. Alimletea bakuli la kiburu limefunikwa kwa jani la mgomba.

"Mpelekee mtoto, hakula."

Elinipendo hakulipokea. "Ulijua," alisema.

Eliufoo akatazama nyuma, akaona hakuna mtu karibu.

"Shemeji, mimi na Ebenezeri tumekulia chini ya dari hilo hilo unalopikia. Moshi ule nitausahau?"

"Na ukakaa unanitazama nasimama kule, najivua nguo mbele ya watu."

"Na mimi dukani nilikutazama. Nilikupa nafasi. Wewe ndiye wa kwanza kunyamaza, mimi nimekufuata tu." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyozungumza mtu juu ya bei ya kahawa. "Denis ana miaka ishirini na sita, shemeji. Anashinda kwenye meza za pool. Ukoo ulikuwa na fedha ya mtoto mmoja. Ningefanyaje?"

Akaliweka bakuli juu ya kisiki, akarudi kwake.

*

Jumatatu asubuhi Loveness alitoka chumbani na begi lake. Alikuwa amepata kazi ya kuhudumu kwenye duka la vifaa vya shule mjini, elfu tano kwa siku na chai. Lakini kwanza chuo kilitaka fomu ya kuahirisha masomo, na fomu ilitaka sahihi ya mzazi. Aliiweka juu ya meza mbele ya mama yake, pamoja na kalamu.

Siku mbili walikuwa wameongea juu ya majani ya ng'ombe na chumvi tu. Elinipendo aliishika kalamu lakini hakuandika.

"Ulijua lini?"

"Mwezi wa nane. Mwenzangu chumbani aliniuliza, nani anakausha nyama humu ndani. Nikanusa begi." Loveness alikuwa anafunga kamba ya kiatu. "Sikukasirika, mama. Nilicheka. Nilimwambia, ni mama yangu huyo, ananitunzia."

"Sasa dukani kwa nini hukusema? Ungesema tu, mama alipandisha darini."

"Mbele ya baba mkubwa? Baada ya wewe kusema kabatini na ufunguo? Nimwambie mama yangu ni mwongo?"

"Basi hata kwenye chai."

"Kwenye chai nilikuuliza."

Nje ng'ombe akalia akidai majani. Elinipendo akaivuta fomu karibu. Jina la mwanafunzi lilikuwa limeshaandikwa kwa mwandiko mzuri wa Loveness, mwandiko wa mwalimu. Chini yake palikuwa na mstari mmoja: Sababu ya kuahirisha masomo. Ulikuwa wazi.

"Hapa hujajaza."

"Nimekuachia wewe. Mzazi ndiye anayeeleza."

Elinipendo aliupima ule mstari kwa macho, kama anavyopima kitambaa kabla ya kukata. Alilipanga neno la kweli kichwani, lote, kuanzia ukungu wa mwezi wa nne mpaka kwenye mkono wa Eliufoo begani mwake, akalipunguza, akalipunguza tena, na bado halikuenea. Na hata lingeenea, alishaona kikaoni kinachotokea kwa neno hilo. Mkono wake ulitembea taratibu, herufi zile kubwa za darasa la saba, zinazoegemeana.

Ukosefu wa ada.

Akatia sahihi. Loveness akaichukua fomu, akaisoma akiwa amesimama, akaikunja mara mbili na kuitia kwenye mfuko wa begi.

"Sawa," alisema. "Hii wataiamini."